Bi Nyamvula na Bakuli la Mkiwa

Paukwa!

— Pakawa!

Hapana. Nimesikia midomo iliyojaa. Mwenye tonge na ameze kwanza, hadithi hii haiondoki na watu wanaotafuna. Haya, tena. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wa nini?

— Pakawa wa kusikiliza!

Basi sikilizeni. Zamani, zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu kwa masikio, palikuwa na kijiji kati ya mto na malisho. Upande wa mto walikaa wavuvi. Walivua kambare, walivua perege. Upande wa malisho walikaa wafugaji. Walikamua asubuhi, walikamua jioni. Katikati ulikuwa mpunga, na choroko, na migomba iliyoinama kwa uzito wa mikungu. Asali ilitoka msituni. Njaa haikuijua njia ya kufika huko.

Mnadhani kijiji cha namna hiyo hakikuwa na maradhi? Kilikuwa nayo. Maradhi ya kushiba.

Na kijijini humo alikaa bibi mmoja, jina lake Nyamvula. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mchi, meno yamekwisha, na sikio lake la kulia limelala kidogo. Lililala kwa sababu alilitumia sana. Ukienda kwake unaumwa, alikulaza mkekani, akaweka sikio tumboni pako, akafumba macho, akasikiliza. Elimu hiyo aliipata kwa bibi yake, ambaye katika usichana wake alikaa pwani kwa mwanamke wa Kihindi aliyekuwa mganga. Mwanamke huyo hakutibu kwa mizizi wala hirizi. Alitibu kwa kuuliza mtu amekula nini, na amekila pamoja na nini.

Kwa hiyo Bi Nyamvula hakusalimia kama watu wengine. Ukimwambia, "Shikamoo, bibi," alijibu, "Marahaba. Cha jana kimeshuka?"

"Kimeshuka, bibi."

"Basi nenda ukale."

Siku moja mvuvi alikwenda kwake anajikuna mgongo, anajikuna shingo, kwaru, kwaru, kwaru.

"Bibi, mwili unaniwasha."

"Ulikula nini?"

"Kambare."

"Na nini?"

"Na maziwa kidogo, bibi. Kibuyu kimoja."

"Mmoja mtu wa mtoni, mwingine mtu wa malishoni. Hawajuani, hawasikilizani lugha. Umewalaza kitanda kimoja, na wewe unategemea usingizi?"

Siku nyingine alikwenda msichana ameshika kiuno, tumbo limejaa upepo. Alikuwa amekula ugali, halafu papai.

"Mjukuu wangu," Bi Nyamvula akamwambia, "tunda lina haraka. Ugali hauna haraka. Umemweka mwenye haraka nyuma ya mzito, njia yenyewe nyembamba. Watafanya nini humo ndani? Watasukumana."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Tunda litangulie, lisifuate. Maziwa yanywewe peke yake. Asali isichemshwe. Mgeni wa pili asikaribishwe kabla wa kwanza hajaaga. Alisema tumbo ni jiko, na jiko lina moto wake, na moto huo si mkubwa, ni kama ule wa kuchomea hindi moja.

Watu walimcheka, wakapona, wakamcheka tena.

Sasa ingieni nami ndani ya hadithi.

Kijijini hapo palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mwanakheri. Mume wake alikufa mapema, akamwachia binti mmoja, Sikudhani. Mama na mwana, chungu kimoja, mkeka mmoja. Mvua moja ya masika Mwanakheri akaugua. Mvua ile ile haikwisha, akafa.

Sikudhani alikuwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni na wa kutembea mwenyewe, vyote viwili. Alisimama kando ya kaburi, akafungua mdomo ili alie.

Mtu akamtia ndizi.

Hamjaelewa? Nitawaeleza. Kijiji hicho kilikuwa na mila. Mila yenyewe waliiita bakuli la mkiwa. Mtoto akifiwa na mama, anakuwa mtoto wa milango yote. Kila nyumba inamtengea bakuli, kila siku. Anapita, anakula hapa, anakula pale. Kulikataa bakuli ni kuikataa nyumba, na mtoto haruhusiwi kuikataa nyumba. Na ilikuwa haramu mkiwa kuonekana analia. Mkiwa akilia, watu watasema hatumlishi.

Mila nzuri, sivyo? Mila ya upendo. Mimi nikiifikiria, naona hakuna aliyekusudia ubaya.

Basi Sikudhani akaanza kupita milangoni. Alipofika mlango wa kwanza wanawake walimwimbia:

*Kula mwana, kula,*
*mama kaenda, kula,*
*sisi tupo, kula.*

Mke wa Jumbe alimpa uji wa moto uliochemshwa na asali. Akala. Mlango wa pili walimpa maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, povu bado linacheka. Akanywa. Mlango wa tatu ni wa Bi Chiriku.

Bi Chiriku alikuwa shoga wa marehemu Mwanakheri. Walichota maji pamoja tangu wakiwa wasichana. Jina lake hasa watu walilisahau, kwa sababu alisema mfululizo kama ndege chiriku kwenye mtama. Yeye alimpa Sikudhani kambare aliyeungwa kwa ukwaju.

"Kula, mwanangu. Mwanakheri akiniona nakunyima, atafufuka anichape. Kula mgongo. Kula na kichwa. Nani atakula kichwa kama si wewe?"

Sikudhani akala mgongo, akala na kichwa.

Mlango wa nne, ndizi mbivu. Mlango wa tano, mtindi. Mlango wa sita, kunde. *Kula mwana, kula.* Na kila alipofungua mdomo ili alie, palikuwa na mkono karibu, na mkono ulikuwa na tonge.

Tumbo lake likaanza kusema. Semeni nami: guru!

— Guru!

Guru, guru, guru!

— Guru, guru, guru!

Likaanza kuvimba. Shavu likakauka, mguu ukawa kijiti, tumbo likawa ngoma. Wanawake wakamtazama wakasema, "Masikini, anakonda. Hatumpi ya kutosha." Wakaongeza. Akakonda zaidi. Wakaongeza zaidi. Akaanza kutapika alfajiri, na asubuhi akapita milangoni tena, anajivuta, bakuli kwa bakuli. Hakulikataa hata moja. Alionja kwanza kwa ncha ya ulimi, akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikilizia kitu. Halafu akala chote.

Bi Nyamvula alimkuta njiani ameinama.

"Cha jana kimeshuka, mjukuu wangu?"

"Hakijashuka, bibi."

"Na cha juzi?"

Mtoto akatikisa kichwa. Bi Nyamvula akaketi pale pale kwenye vumbi, akamlaza mapajani, akaweka sikio. Akasikiliza, akasikiliza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Moto wa hindi moja aliousikia kwa kila mtu, kwa mtoto huyu ulikuwa umebaki cheche tu, tena cheche iliyofunikwa.

Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe Mwinshehe.

"Jumbe, mtoto anakufa."

"Kwa njaa?"

"Kwa mabakuli. Waambie watu wafunge milango."

Jumbe akacheka, halafu akaona bibi hacheki. Akapiga ngoma ya baraza. Watu wakakusanyika, na neno lilipotangazwa kelele zikapanda hadi kwenye paa.

"Tumfungie mkiwa mlango?" Bi Chiriku alisimama, mikono kiunoni. "Bibi Nyamvula, nakuheshimu, lakini leo niache niseme. Wewe huna jino hata moja. Ndiyo maana unawaonea wivu wenye kutafuna!"

Watu wakaangua kicheko.

"Jino sina," akasema Bi Nyamvula. "Sikio ninalo."

"Samaki wangu ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Samaki wako mtamu kuliko wa nyumba zote."

Bi Chiriku akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Na maziwa yangu?" mfugaji mmoja akauliza.

"Matamu. Na mtindi mtamu, na ndizi tamu. Basi nendeni mkalete, kila nyumba ilichompa leo. Sikudhani amekula vyote tangu asubuhi. Sisi watu wazima tutashindwa?"

Wakaleta. Bi Nyamvula akaweka chungu juu ya mafiga mbele ya Jumbe, moto kidogo chini. Akamimina uji wa asali. Akamimina maziwa. Akatia kambare wa ukwaju.

Maziwa yakakatika pale pale. Yakawa madonge, maji mbali, mafuta mbali. Akatia ndizi, zikaelea. Akamimina mtindi. Akatia kunde. Chungu kikasema bwata, bwata, bwata. Harufu yake siwezi kuwaeleza, maana wengine mmetoka kula. Waliokaa mbele walirudi nyuma. Waliokaa nyuma walisimama.

Bi Nyamvula akachota kwa kata. "Jumbe, onja."

Jumbe Mwinshehe akatazama kata. Akatazama watu. "Mimi, bibi, nimekula nyumbani."

"Onja kidogo tu. Kulikataa bakuli ni kuikataa nyumba. Hapa zipo nyumba zote."

"Bibi…"

"Mbona mtoto anaonja kila siku?"

Hakuna aliyecheka. Jumbe akaisogeza kata polepole kwa nyuma ya mkono. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea mwenyewe, "Lakini hii ni mila, bibi. Aliiweka babu wa babu yangu."

"Aliiweka kijiji kikiwa na milango minne. Mtoto alikula asubuhi kwa mmoja, akacheza hadi jioni, akala kwa mwingine. Leo milango haihesabiki. Babu wa babu yako angeuona msururu huu angeshika kichwa."

Jumbe akakitazama tena chungu kile. Mwisho akaamua: mpaka mwezi mwingine uandame, Sikudhani atakaa kwa Bi Nyamvula, na milango mingine yote ifungwe kwake.

"Na akifa mikononi mwako?" Bi Chiriku akauliza. Safari hii hakupiga kelele.

"Akifa," Bi Nyamvula akasema, "mtanizika naye."

Basi Sikudhani akahamia kwa bibi. Nyumba ilikuwa tulivu mno. Bi Nyamvula alimpa maji ya moto yenye tangawizi, anywe kidogo kidogo. Alimpa uji mwepesi wa mchele, mwepesi hata unaona chini ya bakuli. Baada ya hapo hakumpa kitu. Walikaa tu, bibi anasuka ukili, mtoto anatazama.

"Bibi, tunangoja nini?"

"Tunangoja njaa."

Mtoto akashangaa. "Njaa si mbaya?"

"Njaa ya kukosa ni mbaya. Njaa ya kumaliza ni mgeni mwema. Hubisha hodi wakati nyumba imefagiliwa. Wewe hujamwona tangu masika."

Lakini mgeni huyo hakuja. Tumbo lilipungua kidogo, kutapika kukakoma, macho yakaanza kung'aa, ila njaa haikuja. Mtoto alikunywa uji kwa kutii. Na kila mchana, bibi aliposinzia, Sikudhani alitoka akapita mbele ya milango ile. Alisimama mlango mmoja, akaenda mwingine. Watu walikuwa ndani, wanamwona kupitia nyufa za fito. Wanaume walitazama miguu yao. Wanawake walijifuta kwa ncha za kanga. Hawakumfungulia.

Mmoja alishindwa.

Bi Chiriku alimwona mtoto wa shoga yake amesimama nje ya ua, juani, anatazama moshi wa jiko lake. Akajiambia, kibakuli kimoja tu, Mungu atanisamehe. Akapitisha mkono kwenye ua wa matete. Kambare wa ukwaju. Akaona kambare peke yake ni uchoyo, akaongeza mtindi. Akaona mtindi mkali kwa mtoto, akakatia embe juu yake.

"Kula haraka, mwanangu, bibi asijue."

Sikudhani hakuwa na njaa. Alionja kwa ncha ya ulimi. Akanyamaza, kama mtu anayesikilizia. Halafu akala chote.

Hakufika nyumbani. Alianguka njiani, mwili moto, tumbo gumu kama jiwe la kusagia. Bi Nyamvula alimbeba mwenyewe, bibi yule mwembamba, akamlaza mkekani. Alimkanda tumbo kwa mafuta ya ufuta, alimtia maji ya tangawizi kitone kwa kitone. Jua likaenda, jua likarudi. Mtoto hakufumbua macho. Roho yake ilikuwa imekaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Bi Chiriku alikuja mbio, kichwa wazi, akajitupa chini.

"Ni mimi, bibi. Niliona anatamani. Ningempa vipi kisogo? Nipige wewe. Niseme. Nitukane."

Bi Nyamvula hakumtukana. "Mambo ya kukutukana yana wakati wake, na sasa nina kazi. Kaa hapa, umshike kichwa. Lakini mikono yako ikiisha kazi, ikalie."

"Niikalie?"

"Iweke chini ya mapaja yako, uikalie. Mikono yako haijui kukaa bure. Hiyo ndiyo shida yetu sote kijijini."

Bi Chiriku akakalia mikono yake. Chiriku yule, mwanamke mzima, amekalia mikono kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Wakangoja.

Kulipopambazuka Sikudhani akafumbua macho. Joto lilikuwa limeshuka. Bi Nyamvula aliweka sikio, akasikiliza, akashusha pumzi.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "nataka nikuulize, na sitakukasirikia. Hukuwa na njaa. Kwa nini ulikula?"

Mtoto akatazama paa.

"Nilikuwa namtafuta mama."

"Wapi?"

"Kwenye mabakuli. Kila nikila nilidhani atakuwemo. Chakula chake kilikuwa na ladha yake. Nikionja nasikia hayumo, nasema labda yumo chini. Nakula mpaka chini. Hayumo. Naenda mlango mwingine."

Wenzangu, mmesikia? Kijiji kizima kilikuwa kimemlisha mtoto, na mtoto alikuwa hali. Alikuwa anatafuta mtu.

Bi Chiriku akazidi kuikalia mikono yake.

Bi Nyamvula angeweza kudanganya. Angeweza kusema, mama yako atarudi, au mama yako yuko juu anakutazama, lala. Hakusema hivyo.

"Sikudhani, mama yako hayumo katika bakuli lolote. Ukila yote ya kijiji hiki na ya kijiji cha jirani, hutamkuta. Mimi mama yangu alikufa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe. Nilimtafuta, mimi bibi mzima. Hata jana nilimtafuta."

"Ulimpata?"

"Sikumpata."

Mtoto akamtazama. Kidevu kikaanza kutetemeka. Mdomo ukafunguka.

Na mkono wa Bi Chiriku, bila yeye kuuambia, ukachomoka chini ya paja, ukaelekea kwenye ndizi iliyokuwa kando. Bi Nyamvula akaudaka hewani, akaushika.

"Mwache."

"Analia, bibi."

"Ndiyo. Mwache alie."

Na Sikudhani akalia. Alilia kilio cha masika yote. Alilia kwa tumbo, kwa mabega, kwa nyayo. Alimwita mama kwa jina la mama, alimwita kwa jina lake la Mwanakheri, alimwita kwa majina waliyopeana wao wawili ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajua. Watu walisikia wakatoka majumbani. Mkiwa analia! Wakaja mbio, mmoja na bakuli, mwingine na kibuyu. Wakamkuta Jumbe Mwinshehe amesimama mlangoni mwa bibi, ametangulia, hana kitu mkononi.

"Wekeni chini," akawaambia.

Wakaweka chini. Wakasimama uani, hawajui wafanye nini na mikono yao. Kisha mke wa Jumbe akaanza kulia naye, na mfugaji, na yule mvuvi aliyewashwa mwili. Maana Mwanakheri alikuwa wao pia, na tangu azikwe hawakuwa wamemlilia vizuri. Walikuwa na kazi ya kupika. Bi Chiriku alilia kuliko wote, kichwa chake kwenye bega la bibi, bila neno.

Mtoto akalia mpaka machozi yakamwisha. Akalala. Usingizi safari hii ulikuwa usingizi, haukuwa kuzimia. Tumbo lake likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Halikusema kitu.

Jua lilipokuwa linaelekea kutua akaamka, akaketi.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Nina njaa."

Bi Nyamvula aliinuka haraka, hata magoti yakalia. Akapuliza moto, fuu, fuu. Akaosha mchele kidogo, akaosha choroko kidogo, akavitia chungu kimoja, kwa sababu hivyo viwili vinajuana, vimelala shamba moja. Akatia maji mengi, chumvi, manjano, kipande cha tangawizi. Vikachemka polepole mpaka vikalainika vikashikana. Mwisho akadondosha samli. Mseto. Mseto mtupu. Hakuna samaki kando, hakuna maziwa juu, hakuna tunda nyuma.

Sikudhani akaonja kwa ncha ya ulimi. Akanyamaza.

"Ni kama wa mama?" Bi Chiriku akanong'ona. Hakuweza kujizuia.

"Si kama wa mama," akasema Bi Nyamvula, kabla mtoto hajasema. "Wa mama yake aliondoka nao. Huu ni wangu."

Mtoto akafikiri. Akaitikia kwa kichwa. Akala tonge, akatafuna, akameza. Akala lingine. Alikula polepole, anakitazama chakula kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, na watu uani walitazama tonge kwa tonge wakiwa wamezuia pumzi.

Bakuli likabaki na kidogo. Sikudhani akalisogeza.

"Basi," akasema. "Nimeshiba."

Neno hilo mkiwa hakuwahi kulisema kijijini pale. Bi Chiriku akafungua mdomo aseme, malizia mwanangu, ni kidogo tu. Akauma mdomo. Akalichukua bakuli, akaenda kuliosha.

Mwezi ulipoandama Jumbe hakufungua milango. Aliita baraza akabadilisha mila. Tangu hapo mtoto akifiwa na mama, anapewa nyumba moja na chungu kimoja. Wengine wanakuja mikono mitupu. Wanakaa. Akitaka kusema, wanasikiliza. Akitaka kulia, wanamwachia nafasi. Waliiita kumkalia mkiwa, na wanasema ni ngumu kuliko kupika. Sikudhani alikaa kwa Bi Nyamvula mpaka akawa mwanamwali. Alinenepa miguu, akapungua tumbo. Hakuacha kumtamani mama yake. Wakati mwingine alisimama na mwiko mkononi, macho mbali, na bibi hakumuuliza unafikiri nini, kwa sababu alijua.

Miaka ikaenda. Bi Nyamvula akafa, kwa uzee tu, asubuhi moja, tumbo lake halina deni na chakula chochote. Kijiji kikataka kuchinja. Kikataka kupika masufuria ya pilau, na samaki, na maziwa, kimtukuze. Sikudhani akakataa. Akawaambia, "Njooni mkae." Wakaja, wavuvi na wafugaji, wazee na watoto waliokua wakilazwa kwenye mkeka ule wa bibi. Walijaa ua, wakajaa njia. Hakuna aliyekuwa na kitu mdomoni, hakuna aliyekuwa na kitu mkononi. Wakamlilia Nyamvula mpaka jua likageuka upande wa pili, na hakuna mtu aliyemnyamazisha mwenzake.

Wanaosimulia wanasema ndiyo maana hajasahauliwa.

Basi wenzangu, mwenye kula na asikilize jiko lake. Vinavyopatana vipike pamoja, visivyopatana vipe zamu, na kabla hujala ngoja njaa ibishe hodi. Lakini lililo kubwa ni hili: mwenye majonzi usimzibe mdomo kwa tonge. Njaa ya tumbo ina chakula chake. Njaa ya kumtamani mtu haina, ina watu wa kukaa nawe tu.

Hadithi yangu inaishia hapo alipozikwa Bi Nyamvula. Mimi nimeitua, anayeweza kuibeba na aibebe ampelekee mwingine.